Kumsaka Ningu wa Mto Mara

Mto Mara unapofika Daraja la Kirumi umekwisha kuacha haraka zake. Umeanzia nyanda za juu za Mau nchini Kenya, umeshuka karibu kilomita 400, umepita Maasai Mara na Serengeti ambako watalii hupanga foleni kuwapiga picha nyumbu wakivuka, kisha umetandaa kwenye mafunjo na matete kabla ya kumwagika Ziwa Victoria upande wa Musoma. Juu ya daraja mabasi ya Mwanza na Sirari hayapunguzi mwendo. Chini, alfajiri ile, mtumbwi ulikuwa unarudi taratibu, na kikundi kidogo cha watu kilikuwa kinausubiri ukingoni na ndoo, ubao wa kupimia, mizani, chupa ndogo za spiriti na daftari lililotiwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Nyumbu wa bonde hili huhesabiwa kwa picha zinazopigwa kutoka kwenye ndege. Samaki wanaoishi chini ya kwato zao hawana bahati hiyo. Hawaonekani, hawatulii mahali pamoja, na maji yenyewe hapa Kirumi ni ya tope kiasi kwamba ukizamisha mkono hadi kiwiko huoni vidole. Nilikuja kuona wanavyohesabiwa hivyo hivyo.

Waliokuwa ukingoni ni wanafunzi wa chuo, ofisa uvuvi mmoja, na mzee mvuvi, Mjaluo wa Rorya, ambaye mtumbwi ulikuwa wake. Nyavu walizozitega jioni hazikuwa za kawaida. Mvuvi wa biashara anachagua jicho moja la wavu kulingana na samaki anayemtaka. Hawa waliunganisha vipande vingi kuwa mstari mmoja, kila kipande na jicho lake: inchi moja, moja na nusu, mbili, mbili na nusu, na kuendelea. Sababu yake ni kwamba wavu wa kunasa huwa na upendeleo. Samaki mdogo anapita katikati ya jicho kubwa, na samaki mkubwa anagonga jicho dogo kwa pua kisha anageuka. Ukitega jicho moja tu ukaandika kwamba mto una samaki wa sentimita ishirini, umeuandika wavu wako, hujauandika mto.

Mahali pa kutega palikuwa pamezua ubishi. Mwanafunzi mmoja alikuwa na ramani yenye alama zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, kama alivyofundishwa, ili pasiwe na upendeleo. Mzee akaitazama, akacheka kidogo.

"Mwanangu, hapa uliponionyesha ni nyumbani kwa viboko. Ukitega hapo utavua kiboko, na yeye atakuvua wewe."

Alama ikasogezwa. Nilipenda kwamba waliandika pia kwenye daftari kuwa imesogezwa, na kwa nini. Viboko na mamba ndio wanaoamua mengi katika utafiti wa Mara ya chini. Huwezi kuingia majini kwa miguu, huwezi kukokota kokoro kando ya ukingo, na mtego unaohitaji mtu kuukagua usiku unakuwa na hatari kubwa kuliko faida yake. Kwa hiyo hesabu ya Kirumi ni ya nyavu za usiku, migono iliyotegwa kwenye mikondo ya matete, ndoana chache, na kile ambacho wavuvi wenyewe wanaleta mwaloni.

Mtumbwi ulipofika, kila kipande cha wavu kilitolewa peke yake na samaki wake wakawekwa ndoo yao. Nembe wenye miba. Gogogo, ambao miba yao hujifunga wima na kumfanya kila mtu ashike kwa tahadhari. Kambale. Furu wadogo ambao hata wataalamu huwatazama mara mbili kabla ya kuwataja. Kisha, katika jicho la inchi mbili, ningu mmoja: samaki wa rangi ya majivu, midomo minene iliyoelekea chini, midomo ya mlaji anayekwangua mwani kwenye mawe. Mazungumzo yalikatika. Mzee alisema tu, "Huyo ndiye."

Kuna sababu ya heshima ile. Ningu, ambaye kwa jina la kisayansi ni Labeo victorianus, hapatikani popote duniani nje ya bonde la Ziwa Victoria na mito yake. Aliishi ziwani na kuzaa mtoni. Mvua za masika zikianza na mito ikifurika, alipanda kwa makundi, akatafuta nyasi zilizofunikwa na maji kandokando, akataga humo, na vifaranga wakashuka ziwani maji yalipopungua. Wavuvi wa mito ya Nzoia, Yala, Sondu, Kuja na Mara walijua majira hayo kama mkulima anavyojua ya kupanda. Waliweka nyua za fito na matete kuvuka mto na kuwategea wanaporudi. P. J. P. Whitehead alizieleza safari hizo katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1959. Lakini wakati huo nyavu za kunasa zilikuwa tayari zimejaa kwenye midomo ya mito, zikiwanasa ningu wakiwa na mayai tumboni, kabla hawajayataga. Mwaka 1965 D. A. Cadwalladr aliandika juu ya kuporomoka kwa uvuvi wake. Angalia miaka hiyo: sangara hakuwa bado ametawala ziwa. Tunapenda kumtwisha sangara kila msiba wa Ziwa Victoria, na mingi ni yake, ila huu wa ningu tuliuanza wenyewe kwa nyavu.

Kazi ya kumpima ningu mmoja inachukua dakika chache na inafanywa kwa mpangilio usiobadilika. Kwanza analazwa usingizi. Nilitegemea kuona dawa ya maabara yenye jina gumu. Mwanafunzi akafungua kichupa na harufu ikanipeleka moja kwa moja Pemba. Ni mafuta ya karafuu. Kiini chake, yujenoli, ndicho kile kile kinachotuliza jino, na samaki anakivuta kupitia matamvua. Mafuta hayachanganyiki na maji, hivyo huyeyushwa kwanza katika spiriti, kisha matone machache yanatiwa kwenye ndoo. Baada ya muda mfupi samaki anapoteza mizani, anageuka ubavu, lakini matamvua yanaendelea kupiga. Ukizidisha kipimo hataamka. Mtu mmoja kazi yake ilikuwa kuangalia matamvua tu.

Kisha ubao: urefu kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia, na urefu hadi mwanzo wa mkia, kwa sababu mikia huliwa na kuchanika. Kisha mizani. Tumbo linabonyezwa kwa kidole kimoja kuona kama mayai au shahawa ziko tayari kutoka. Huyu alikuwa jike, bado hajawa tayari. Kipande cha pezi kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho kikakatwa na kutumbukizwa kwenye chupa ya spiriti kwa ajili ya vinasaba. Mwisho alichomwa chini ya pezi la mgongo uzi wa plastiki wenye namba, akarudishwa kwenye ndoo ya maji safi, akasubiriwa hadi alipoweza kusimama mwenyewe, akaachiwa pembeni ya matete.

Huo uzi wa plastiki ndio namna ya zamani na ya bei nafuu ya kumfuatilia samaki. Hautoi habari yoyote mpaka mtu mwingine, mahali pengine, amvue samaki yule, auone, na aamue kusema. Ukirudi, unakuwa na nukta mbili: alipoachiwa na alipovuliwa. Kilicho katikati ni kubahatisha.

Zipo njia zinazojaza katikati hiyo. Kuna chipu ya kioo ya milimita 12 inayoingizwa tumboni kwa sindano nene. Haina betri, kwa hiyo inaishi muda wote samaki anaoishi. Inaamka tu inapopita karibu na antena. Lakini "karibu" maana yake ni chini ya mita moja mara nyingi, kwa hiyo inafaa kijito ambacho unaweza kuzungushia waya kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa upana wa Kirumi ni kazi bure, isipokuwa samaki avuliwe tena na mtu mwenye kisomeo. Kuna pia kisambaza mawimbi ya redio, chenye betri, ambacho mtu anakifuata akiwa kwenye boti na antena mkononi. Mawimbi hayo hupita kwenye maji baridi na kufia kwenye chumvi, ndiyo maana ni chombo cha mito. Watafiti wa Norway na Namibia walikitumia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwafuata samaki wa Zambezi ya juu, akiwemo samaki-chui mwenye meno ya kutisha. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mzigo usizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki. Ningu wa gramu mia mbili anaweza kubeba gramu nne tu, na betri ndogo hiyo haidumu. Kwa hiyo samaki mdogo anajulikana kidogo, si kwa sababu hana habari, bali kwa sababu hawezi kubeba chombo chetu.

Mzee aliponisikia nikiuliza haya yote akaingilia. "Andika pia kwamba sisi tunajua wakati wa ningu kupanda mto. Maji yakianza kunuka udongo mpya, yuko njiani." Ofisa uvuvi hakumcheka. Aliandika tarehe ambazo mzee alizikumbuka, pamoja na mvua za miaka hiyo. Utafiti wa samaki wa mtoni bila wavuvi ni wa kutega kwa kubahatisha; nimeridhika na hilo baada ya kuona nani alijua wavu uwekwe wapi.

Hapa Kirumi kuna jambo jingine ambalo huwezi kulikwepa katika mazungumzo. Machi 2022 maji ya Mara ya chini yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Watu walikatazwa kuyatumia. Kamati iliyoundwa na serikali ilisema chanzo ni kinyesi cha mifugo na kuoza kwa mimea, mambo yaliyomaliza oksijeni majini. Wakazi na wanaharakati wengi hawakuridhika, wakanyoosha kidole kwingine. Sitaamua ugomvi huo kutoka ukingoni. Ninachosema ni kwamba kuoza kunaweza kuua mto, na Mara una historia ya hilo hata bila mkono wa mtu. Juu, upande wa Kenya, kuna viboko zaidi ya 4,000. Wakati wa kiangazi kinyesi chao hutulia kwenye vidimbwi na kumaliza oksijeni. Mvua ikija kwa kishindo inausukuma uchafu huo chini na samaki hufa kwa wingi. Hayo yameandikwa na watafiti waliokaa Mara kwa miaka, na yalichapishwa mwaka 2018.

Lakini fikiri swali la mvuvi baada ya Machi ile: tumepoteza nini? Aina ngapi, wangapi wa kila aina, nani amerudi na nani hakurudi? Swali hilo halijibiwi kwa kupima maji ya leo. Linahitaji daftari la miaka ya kabla, la mahali hapa hapa, kwa nyavu za macho yale yale, zilizokaa saa zile zile. Ndiyo maana wanafunzi walinichosha kwa kurudia neno moja: juhudi. Ndoo tatu za samaki si habari. Ndoo tatu kwa nyavu sita kwa usiku mmoja ni habari, maana mtu wa mwaka 2040 anaweza kuja na nyavu sita akakaa usiku mmoja na kulinganisha.

Kutoka Kirumi niliufuata mto kwenda juu, kwa njia ya barabara, kupitia mpaka wa Sirari, Migori, Kisii na Sotik hadi Bomet, ambako Nyangores, kimojawapo cha vijito viwili vinavyozaa Mara, kinapita kati ya mashamba ya chai na mahindi. Hapa hapana mamba. Maji yanafika magotini, yanaruka juu ya mawe, ni baridi, na watoto wa Kikipsigisi walikuwa wamekaa ukingoni muda mrefu kabla ya kazi kuanza, kwa sababu waliambiwa kuna watu watakaovua kwa umeme.

Sheria za uvuvi za Kenya na Tanzania zinakataza kuvua kwa umeme. Mtafiti anahitaji kibali, na wa hapa alionyesha chake kwa kila aliyeuliza, akiwemo mama mmoja aliyekuwa akifua nguo na ambaye hakuridhika kirahisi. "Sasa mwanangu akijaribu kesho kwa waya wa nyumbani, utamwambia nini?" Mtafiti alisimamisha kazi, akawaita watoto, akawaeleza kwamba umeme wa ukutani huua mtu majini kabla haujamgusa samaki. Ilichukua muda mrefu kuliko uvuvi wenyewe, na nadhani ndiyo sehemu ya kazi iliyofanyika vizuri zaidi siku ile.

Mashine inabebwa mgongoni. Ina betri, kisanduku cha kupanga volti na mapigo, fimbo yenye pete ya chuma mbele, na mkia wa waya unaoburutwa nyuma. Kati ya pete na mkia unapita umeme wa mwelekeo mmoja, unaokatwa katwa kwa mapigo. Samaki aliye ndani ya eneo hilo misuli yake inamvuta bila hiari kuelekea kwenye pete, kisha anazimia, na mtu wa wavu wa mkono anamzoa. Kila mmoja alivaa suruali ya mpira inayofika kifuani na glavu za mpira, na fimbo ilikuwa na swichi inayokata umeme kidole kikiachia. Maji ya milimani yana chumvi chache, hivyo hupitisha umeme kwa shida, na volti hupandishwa. Ukipeleka mipangilio hiyo hiyo kwenye maji yenye chumvi nyingi unavunja uti wa mgongo wa samaki. Kwa hiyo kwanza hupimwa maji, ndipo mashine inawashwa.

Kipande cha mto kilikuwa kimezibwa juu na chini kwa nyavu za macho madogo ili samaki yeyote asitoke wala kuingia. Wakapita mara ya kwanza, wakaweka samaki pembeni. Wakapita tena, na tena. Hesabu yake ni rahisi na ya kuvutia: tuseme mara ya kwanza wanapatikana 40, ya pili 20, ya tatu 10. Kila mara nusu ya waliobaki wanatoka, kwa hiyo walikuwepo kama 80, ingawa mkononi unao 70. Mto unakuonyesha idadi ya usiowaona kwa kasi ya kupungua kwa unaowaona.

Walitoka kuyu wachanga, ambao wakikua wanaweza kukaribia urefu wa mita moja, vijisamaki wa jamii ya Enteromius wenye madoa ubavuni, na wale wa jamii ya Chiloglanis ambao mdomo wao umegeuka kuwa chombo cha kung'ang'ania jiwe. Ningu hakuwepo, na hakuna aliyemtarajia huku juu. Wale wanaong'ang'ania mawe wana maana kubwa kuliko ukubwa wao: tope la mashamba likijaza nafasi kati ya mawe, wao ndio wa kwanza kutoweka. Mwaka 1981 James Karr wa Marekani alipendekeza kupima afya ya mto kwa kuwasoma samaki wake badala ya kupima kemikali peke yake, na mizani hiyo imerekebishwa na kutumiwa hata katika mito ya bonde la Ziwa Victoria. Sampuli ya maji inasema habari ya asubuhi hii. Samaki anayekaa mahali pamoja miaka miwili anasema habari ya miaka miwili.

Nilimuuliza mtafiti kuhusu domodomo, samaki wa chini mwenye pua ndefu, kwa sababu yeye anatengeneza umeme wake mwenyewe, dhaifu, wa kutambulia njia gizani. Aliniambia ukitumbukiza nyaya mbili kwenye maji ya matete na kuziunganisha na kikuza sauti kidogo, utamsikia akitoa mlio wa mapigo, bila wavu wala damu. Njia kama hiyo ndiyo ningependa kuisikia Kirumi usiku, kati ya viboko.

Na kuna namna ya kumfuatilia samaki bila kumfuata, kwa kusoma nyama yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kila mwaka nyumbu wapatao 6,250 huzama Mara wakati wa kuvuka, kama tani 1,100 za nyama na mifupa. Vipimo vya isotopu kwenye misuli ya samaki vilionyesha kuwa wiki chache baada ya maafa hayo, kati ya theluthi na nusu ya chakula cha samaki wa kawaida wa mto kilitokana na mizoga. Mtalii anapiga picha ya nyumbu anayekufa; samaki ndiye anayebeba matokeo yake, na mvuvi wa Kirumi huenda anayauza sokoni.

Siku hizi hata samaki mwenyewe si lazima. Lita moja ya maji ikichujwa, vipande vya vinasaba vilivyobaki kwenye kichujio vinaweza kutaja aina zilizopita upande wa juu wa mto. Havitaji wangapi, wala urefu, wala kama wana mayai. Kwa ningu tunahitaji yote matatu, hivyo wavu wa macho mengi utabaki, na mzee wa Rorya atabaki.

Ningu yuko kwenye orodha ya IUCN ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kama unavua Mara, Kuja, Nzoia au mwambao wowote wa ziwa, na ukamtoa kwenye wavu ningu au kuyu mwenye uzi wa plastiki mgongoni, hata kama umeshamuuza, usitupe uzi huo. Andika namba, tarehe, mahali na urefu kwa shibiri kama huna rula, na jicho la wavu uliomnasa. Mpelekee ofisa uvuvi wa kata yako au viongozi wa kikundi cha mwaloni. Na akiwa hai, ana mayai, na mvua zimeanza, mwachie apande.